First Language Lessons na Writing With Ease kwa mtoto wa miaka sita: sarufi ya mdomo kwanza, daftari baadaye

Mpe mtoto wa miaka sita penseli, umwambie aandike sentensi tatu kuhusu safari ya kwa bibi. Hadithi anayo, tena ndefu: jogoo aliyemfukuza uani, maembe mabichi yenye chumvi na pilipili, basi lililopasuka gurudumu njiani. Akishainamia daftari, kinachotoka ni "Nilieda kwa didi", kisha kimya, kisha machozi. Mzazi anaona mtoto hapendi kuandika, na anaanza kutafuta mtaala wenye picha na rangi nyingi zaidi.

Mtoto huyo amepewa kazi mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni kulipata wazo na kulivika maneno. Ya pili ni kuyashikilia maneno hayo kichwani huku mkono ukiunda herufi, ukiacha nafasi, ukikumbuka herufi kubwa na nukta. Mtu mzima hufanya zote mbili bila kutambua. Kwa mtoto ambaye bado anasita b inaangalia upande gani, kazi ya pili inaimeza ya kwanza. Ndiyo maana swali la kwanza la kuuliza kuhusu mtaala wowote wa kuandika kwa umri huu ni kama unazitenganisha kazi hizo mbili au unazidai kwa mpigo. Rangi na vibandiko vije baadaye.

Kwa kipimo hicho, jozi tunayoipendekeza kwanza ni ya Kimarekani: First Language Lessons ya Jessie Wise kwa upande wa sarufi, na Writing With Ease ya binti yake, Susan Wise Bauer, kwa upande wa kuandika. Zote zinatoka Well-Trained Mind Press. Tunaipima hapa kwa familia za Waswahili zinazosomesha watoto nyumbani kwa Kiingereza, ziwe Houston, Nairobi au Muscat, na ambazo hazitaki Kiswahili cha mtoto kibaki cha kuagizia chai tu.

First Language Lessons, kiwango cha 1

Kitabu kina masomo 100. Ukifundisha matatu kwa wiki unamaliza kwa wiki 34. Ukifundisha mawili, 50. Somo moja ni dakika kumi hivi, na limeandikwa neno kwa neno: mwalimu atasema nini, mtoto atarajiwe kujibu nini. Mzazi asiye na hakika na sarufi yake mwenyewe anaweza kufungua ukurasa na kuanza bila maandalizi yoyote. Hilo si jambo dogo kwa mama mwenye mtoto mchanga mgongoni au baba anayefundisha kabla ya zamu ya usiku.

Fasili ya nomino inajengwa kipande kwa kipande: kwanza majina ya watu, halafu mahali, halafu vitu, mwisho mawazo. Mtoto huitamka kwa sauti mpaka imkae. Baadaye vinakuja viwakilishi na vitenzi, pamoja na mambo ya herufi kubwa kama siku za wiki na miezi. Katikati kuna mashairi mafupi ya kukariri, likiwemo lile la kiwavi la Christina Rossetti, picha za kutazama na kuelezea, na hadithi fupi za kusikiliza na kusimulia. Mtoto hahitaji kuandika hata neno moja. Kunakili ni zoezi la ziada kwa aliye tayari. Kwa hiyo kitabu hiki kinaweza kuanza hata kama mwandiko bado.

Kasoro yake kubwa ni marudio. Fasili ileile inasemwa mara tatu katika somo moja, na kesho yake tena. Mtoto mwepesi huchoka mapema na mzazi anadhani mtoto hapendi sarufi. Dawa ni kukata: fasili mara moja mwanzoni na mara moja mwishoni, na masomo mawili mfululizo ya mada moja yaunganishwe. Usikate mashairi. Mtoto anayesikia Kiswahili siku nzima huangusha "a" na "the" anapozungumza Kiingereza, kwa kuwa Kiswahili hakina kitu cha kufanana navyo. Ukimsahihisha kila mara anakoma kuongea. Katika shairi, neno hilo dogo likianguka mdundo unavunjika, na sikio lenyewe linamrudisha.

Pahali pengine kitabu kinakimbia ambapo mtoto wetu anahitaji kukaa ni viwakilishi. Mwandishi anamfikiria mtoto ambaye tayari anajua kwa sikio kwamba "he" ni mwanamume na "she" ni mwanamke. Mtoto wa "yeye" hana tofauti hiyo kichwani. Atasema "My sister, he is sleeping" kwa muda mrefu. Ongeza wiki nzima hapo: chukua picha kumi za familia, elekeza kidole, mtoto aseme sentensi moja kamili kwa kila picha. Dakika tano kwa siku zinatosha.

Kuna jambo la kuangalia ukinunua kilichotumika. Toleo la zamani liliunganisha kiwango cha 1 na cha 2 katika kitabu kimoja. Siku hizi ni vitabu viwili. Vyote vinafaa, ila usilipie kiwango cha 2 mara ya pili. Na kwa kuwa mtoto haandiki ndani yake, nakala ya mtumba haina hasara. Kiwango cha 3 ni habari nyingine: kina kitabu cha mwanafunzi kando, na hapo ndipo mchoro wa sentensi unapoanza, yaani mstari mlalo wenye kiima kushoto na kitenzi kulia, na mstari wa wima ukiwatenga. Ni zana nzuri sana kwa mtoto wa miaka minane au tisa. Kumrukisha wa miaka sita hadi huko kwa sababu "cha 1 ni rahisi mno" ni kumrudishia tatizo lilelile la mkono.

Writing With Ease

Hapa ndipo pesa zinapopotea, kwa hiyo tuanze na kununua. Kuna kitabu kikuu kimoja, kinachoeleza njia yote ya miaka minne, na kuna vitabu vya kazi vinne, kimoja kwa kila kiwango. Kitabu cha kazi kina kila kitu tayari: vifungu vya kusoma, maswali na majibu yake, kurasa za mtoto. Kitabu kikuu kinakupa mpango na kukuachia uchague vifungu mwenyewe. Familia yenye vitabu vya kutosha nyumbani, au inayotaka kuchanganya Kiingereza na Kiswahili, itafaidika zaidi na kitabu kikuu. Asiye na muda anunue kitabu cha kazi. Vyote viwili pamoja si lazima. Kwa aliye Afrika Mashariki nakala ya PDF ni nafuu, kwa sababu kinachokula pesa ni usafirishaji na ushuru. Chapisha kurasa za mtoto peke yake, nyeusi na nyeupe, na sehemu ya mwalimu isomee kwenye simu.

Kiwango cha 1 ni wiki 36, siku nne kwa wiki. Siku ya kwanza mtoto ananakili sentensi. Ya pili anasikiliza kifungu, anajibu maswali, anasimulia. Ya tatu ananakili tena. Ya nne kusimulia na kunakili vinakutana. Kunakili kunaufundisha mkono na jicho kwa maneno ambayo mtu mwingine ameshayapanga. Kusimulia kunafundisha kupanga maneno, na mwenye kushika penseli ni mzazi. Kazi mbili zile zimetenganishwa kabisa. Imla inaingia kiwango cha 2, pale mtoto anapoanza kushika sentensi kichwani na kuiandika. Zana hizi tatu si ngeni. Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza aliyeishi 1842 hadi 1923, alizitegemea sana.

Kabla ya kuanza, mpime mtoto. Andika kwa mkono wako, kwa herufi za kuchapa, sentensi ya maneno sita au saba, na mstari mtupu chini yake. Kama anainakili ndani ya dakika kumi bila kulia, na herufi zake anazianzia juu kushuka chini, yuko tayari. Kama anazichora kuanzia chini, au anatazama juu baada ya kila herufi moja, mpe wiki nane za mwandiko tu na kusimulia kwa mdomo. Programu hii haifundishi kuunda herufi, haifundishi kusoma na haifundishi tahajia. Wazazi wengi hulalamika kwamba mtoto "hajui spelingi" baada ya mwaka mzima wa kunakili. Spelingi inahitaji somo lake.

Wakati wa kunakili, kaa kando ya mtoto. Akikosea, msimamishe hapohapo, kabla kosa halijamaliza neno, afute na aandike sawa. Kosa lililoachwa mpaka mwisho wa mstari limeshaandikwa na mkono, na mkono unakumbuka. Sentensi moja safi inashinda tatu zenye wino mwekundu.

Kusimulia ndiko kunakowashinda wengi, na huharibika kwa namna mbili. Kuna mtoto anayesema "sijui". Kuna mwingine anayerudia kifungu chote na "halafu, halafu, halafu" mpaka unachoka wewe. Wa kwanza usimuulize "kimetokea nini?" Anza na maswali madogo ya kitabu na udai jibu la sentensi kamili. Ukiuliza mvulana alimwona nani akajibu "simba", wewe sema: "Mvulana alimwona simba", naye arudie. Maswali manne ya namna hiyo yakiisha, muulize jambo moja tu analolikumbuka. Tayari kinywani ana sentensi nne. Wa pili mpe kikomo cha vidole: sentensi tatu, kila moja na kidole chake. Kidole cha tatu kikikunjwa, umefunga hadithi. Anajifunza kuchagua kilicho kikubwa, jambo litakalomfaa siku atakapoandika muhtasari.

Andika anachosema mbele ya macho yake, ukitamka kila neno unapoliandika, pamoja na "herufi kubwa" na "nukta". Akisema sentensi yenye kasoro, itamke sawa, airudie, ndipo uiandike. Usiandike kasoro kwa ajili ya kuhifadhi "sauti ya mtoto". Karatasi hiyo ndiyo atakayoinakili.

Vifungu vyenyewe vina upungufu mmoja unaotuhusu hasa. Vimekatwa kutoka vitabu vya watoto vya Kimarekani na Kiingereza, vingi vya zamani, na vinaanza katikati ya hadithi. Mtoto wa Tanga hajawahi kuona theluji wala gari la kukokotwa juu ya barafu, wala hajui huyo anayezungumza ni nani. Akishindwa kusimulia, usikimbilie kusema kumbukumbu yake ni dhaifu. Tumia sentensi mbili za utangulizi: nani, yuko wapi. Kama bado, badilisha kifungu. Kifungu kizuri cha umri huu kina maneno 150 hadi 200, watu wawili au watatu, na tukio moja linaloanza na kwisha. Kisa kimoja cha Abunuwasi kinafaa kabisa.

PACE

Familia nyingi za Afrika Mashariki zinazosomesha nyumbani hukutana kwanza na PACE za Accelerated Christian Education, shirika lililoanzishwa Texas mwaka 1970. Ni vijitabu 12 kwa somo kwa mwaka. Mtoto anajiwekea lengo la kurasa kwa siku, anajaza, anajisahihishia kwa kitabu cha majibu, kisha anafanya mtihani. Alama ya kupita kwa kawaida ni 80%. Kiingereza na Word Building (somo la tahajia) ni vijitabu tofauti. Faida yake ni kwamba mtoto wa miaka tisa na kuendelea anaweza kujiendesha huku mzazi akiwa kazini, na kumbukumbu za alama zinapatikana bila jasho. Mafundisho ya Kikristo yamo ndani ya kila somo, sarufi ikiwemo, kwa hiyo familia ya Kiislamu ya pwani iangalie kijitabu kimoja kabla ya kuagiza 12.

Kwa mtoto wa miaka sita hatuipendekezi kuwa mtaala wake pekee wa kuandika. Sehemu kubwa ya kazi ni kujaza neno moja kwenye pengo au kuchagua kati ya mawili. Mtoto anaweza kupata 95% mwaka mzima bila kuunda sentensi yake mwenyewe hata moja. Na kitabu cha majibu mkononi mwa mtoto mdogo ni mtihani wa tabia usiomfaa bado: anatazama jibu, analiandika, anaweka alama ya vema. Kama umeshazinunua, zitumie, ila msahihishe wewe, na ongeza kusimulia mara mbili kwa wiki.

Kiswahili kikae wapi

Katika vitabu hivi Kiswahili hakimo. Njia yenyewe lakini inahamia Kiswahili vizuri kuliko ilivyo kwa Kiingereza, kwa sababu tahajia yetu inafuata sauti. Mtoto anayejua silabi zake anaweza kuanza imla ya Kiswahili mapema, hata mwaka mzima kabla ya ile ya Kiingereza.

Usitafsiri fasili ya nomino. Sarufi ya Kiswahili ya mtoto ni upatanisho. Mtoto aliyekulia ughaibuni, na hata wengi wa Nairobi, husema "kitabu yangu" na "viti imevunjika". Anajua maneno lakini ngeli zote zimekuwa moja. Chukua sentensi moja ya kunakili:

Bibi alichuma mchicha, akauosha, akauweka kwenye ungo.

Ndani yake kuna herufi kubwa, mikato, nukta na *-ka-* ya masimulizi. Baada ya kunakili, funga daftari na mchezo uendelee kwa mdomo. Bibi alichuma kisamvu: aka... *kiosha*, aka... *kiweka*. Bibi alichuma maembe: *akayaosha*, *akayaweka*. Bibi alichuma bamia: *akaziosha*. Mtoto atasema "akaiosha" kwa zote mwanzoni. Mpe jibu, arudie, nenda kwenye neno linalofuata. Usisimame kueleza ngeli ni nini. Baada ya wiki kadhaa sikio linaanza kukataa lenyewe, na majina ya ngeli kama A-WA, KI-VI na U-I yatakuja miaka miwili baadaye yakiwa ni kubandika lebo kwenye makopo yaliyokwisha kujaa.

Kwa imla, chagua sentensi zinazokamata makosa ya kweli: "Gari hili ni ghali." "Wazee walikula kabla ya kupiga kura." "Samani hizi zina thamani kubwa." Mzazi azitamke kwa usahihi: ikiwa nyumbani *th* na *s* zinatamkwa sawa, mtoto hana njia ya kujua, na kosa si lake. Angalia pia mipaka ya maneno: "kwa sababu" ni mawili, "sijui" ni moja, na alama ya ritifaa (') katika *ng'ombe* inakaa baada ya g. Soma sentensi mara mbili kwa mwendo wa kawaida, mtoto airudie kwa mdomo, ndipo aandike. Akisahau katikati, isome yote tena, usimtajie neno moja moja.

Imla ya Kiingereza na ya Kiswahili zisikutane siku moja. Zikikutana, "kitabu" inaanza kuandikwa "keetaboo", na "because" inakuwa "bikozi".

Ratiba inayofanya kazi ni hii: Jumatatu na Jumatano, somo la First Language Lessons dakika 10 na kunakili Kiingereza dakika 10. Jumanne kusimulia kwa Kiingereza, dakika 15. Alhamisi kusimulia tena, na mtoto anakili sentensi moja kutoka katika masimulizi yake mwenyewe ya Jumanne. Ijumaa ni ya Kiswahili: kunakili au imla, na kisa kimoja cha kusimulia. Mchezo wa mchicha na kisamvu uwe kila siku, hata mnapoosha vyombo. Jumla haizidi dakika 25 kwa siku. Mwandiko ukianza kuharibika katikati ya sentensi, simama hapo hata kama dakika hazijaisha, mkono umechoka.

Weka tarehe kwenye kila karatasi na uitie kwenye faili moja. Marekani, ambako kusomesha nyumbani ni halali katika majimbo yote 50, masharti hutofautiana sana: New York inataka ripoti kila robo mwaka, Texas haitaki ripoti lakini sarufi na tahajia zimo katika masomo ya lazima. Karatasi za kunakili zenye tarehe zinajibu maswali mengi. Aliye Ujerumani ajue kwamba huko mtoto lazima aende shule. Vitabu hivi atavitumia jioni na Jumamosi.

Kuhamia kiwango cha 2 cha Writing With Ease, usiangalie kalenda. Angalia kama mtoto ananakili sentensi ya maneno kumi akitazama juu mara tatu au nne tu, na kama anasimulia kwa sentensi tatu bila kuulizwa maswali kwanza. Kimoja kikiwa tayari na kingine bado, songa mbele na kilicho tayari: mtoto anaweza kusimulia vifungu virefu vya kiwango cha 2 huku akiendelea kunakili sentensi fupi za kiwango cha 1.